M-Pesa inajua pesa zako zilienda wapi, lakini haijui kwa nini

Hebu fungua simu yako. Tafuta taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita, ile inayoonyesha kila shilingi iliyoingia na kutoka. Chagua malipo yoyote ya Sh1,500 uliyotuma katikati ya mwezi. Yalikuwa ya nini? Ulinunua stoki? Ulilipa deni? Ulimtumia mzazi? Au ulimkopesha rafiki ambaye sasa hashiki simu?

Ukiweza kujibu bila kukuna kichwa, hongera. Wengi wetu hatuwezi. Taarifa ya M-Pesa itakupa jina, saa, kiasi na ile kodi ya herufi na nambari kumi. Sababu ya malipo haimo. Kama unafanya biashara, hasa kama unafanya na mtu mwingine, sababu ndiyo itakayowagombanisha.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu vitu viwili vinavyosikika kama kazi ya wazee wa ofisi: vocha na jarida. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie mhadhara. Nitakupa tu kile unachoweza kuanza nacho leo usiku kwa daftari na kalamu.

Vocha ni nini hasa?

Vocha ni karatasi inayoeleza kwa nini pesa zimetoka, au kwa nini zimeingia. Risiti unapewa na mtu aliyekuuzia. Vocha unaiandika wewe mwenyewe, kwa ajili ya biashara yako. Hiyo tofauti ni kubwa kwetu, kwa sababu watu wengi tunaowalipa hawatoi risiti. Mtu wa bodaboda hatoi. Mama fua hatoi. Wa mkokoteni hatoi. Anayekuuzia nguo Gikomba saa kumi na mbili asubuhi, na watu wanasukumana nyuma yako, ukimwomba risiti atakuangalia kama umetoka sayari nyingine.

Vocha nzuri ina vitu hivi: nambari yake, tarehe, jina la aliyelipwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sababu ya malipo, aliyeidhinisha, na sahihi ya aliyepokea. Kama umelipa kwa simu, nakili ile kodi ya M-Pesa. Kama una risiti, ibandike nyuma kwa pini.

Unaweza kununua kitabu cha vocha kwenye duka la vitabu, tayari kimepigwa chapa na nambari. Au chukua daftari la kawaida, uchore mwenyewe. Cha muhimu ni nambari zifuatane: 001, 002, 003. Ukikosea 004, usiirarue. Andika IMEFUTWA juu yake na uiache hapo. Mtu akija kukagua hesabu na apate 003 kisha 005, swali lake la kwanza litakuwa 004 iko wapi, na hata kama huna hatia utaonekana una kitu unaficha.

Jarida nalo?

Si lile la kusoma ukiwa saluni. Jarida hapa ni kitabu ambapo unaandika kila tukio la biashara kwa mpangilio wa tarehe, ukitumia zile vocha kama ushahidi. Kila tukio linaandikwa mara mbili: thamani imeingia wapi na imetoka wapi. Inakoingia tunaita debiti. Inakotoka tunaita krediti. Pande zote mbili lazima zilingane.

Hili si jambo jipya. Wafanyabiashara wa Venice, Italia, walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwaka wa 1494 mtawa mmoja aliyependa hesabu, Luca Pacioli, alichapisha kitabu kilichoeleza mfumo wao. Alitaja madaftari matatu: la kwanza la kuandika mambo haraka yanapotokea, la pili jarida, la tatu leja, ambamo kila akaunti ina ukurasa wake. Wale watu hawakuwa na kompyuta wala simu. Walikuwa na meli, washirika na madeni, na hawakutaka kuibiana.

Onyo kidogo kabla tuendelee. Benki ikikutumia ujumbe kwamba akaunti yako imepata krediti, unafurahi kwa sababu pesa zimeingia. Hapo benki inazungumza kutoka kwenye kitabu chake. Pesa zako kwake ni deni, yaani inadaiwa na wewe. Kwenye kitabu chako, pesa zikiingia ni debiti. Usichanganyikiwe.

Twende kazi: duka la mitumba la watu wawili

Tuseme wewe na rafiki yako mmeamua kuuza blauzi za mitumba kwenye Instagram na TikTok. Hamna duka, mna simu, kioo na ukuta uliopakwa rangi vizuri. Mnanunua laini mpya ya simu ya biashara pekee. Tarehe 1, kila mmoja anatuma Sh10,000 kwenye laini hiyo.

Debiti: M-Pesa ya biashara Sh20,000
Krediti: Mtaji wako Sh10,000
Krediti: Mtaji wa mwenzako Sh10,000

Mmeona? Hizo Sh20,000 si mauzo. Zimeingia kwenye simu, ndiyo, lakini ni zenu mliowekeza.

Tarehe 3 mnatoa Sh10,000 kwa wakala, M-Pesa inakata ada ya Sh115, na mnaenda Gikomba mapema kabla wengine hawajachagua kamera zote. Mnarudi na blauzi 60 za Sh150 kila moja.

Debiti: Stoki Sh9,000
Krediti: Pesa taslimu Sh9,000

Hakuna risiti, kwa hivyo vocha nambari 001 inaandikwa mkiwa bado kwenye matatu: blauzi 60, bei 150, Gikomba, sahihi zenu wawili. Nauli ya Sh300 inapata vocha yake. Ile ada ya Sh115 pia ni gharama. Ni pesa ndogo, lakini ndogo ndogo zikiwa nyingi ndizo zinakula faida.

Tarehe 5 mteja wa Rongai anaagiza blauzi mbili kwa Sh450 kila moja na anaongeza Sh200 ya boda. Anatuma Sh1,100. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Simu inasema umeingiza 1,100. Ukweli ni huu:

Debiti: M-Pesa ya biashara Sh1,100
Krediti: Mauzo Sh900
Krediti: Pesa ya boda Sh200

Ukimlipa mtu wa boda, unaandika debiti kwenye Pesa ya boda Sh200 na krediti kwenye M-Pesa Sh200. Ile akaunti inarudi sufuri. Pesa zake zilipitia kwako tu. Sasa fikiria wateja 30 kwa mwezi, kila mmoja na Sh200 ya boda. Hiyo ni Sh6,000 ambayo ungeihesabu kama mauzo na ujisifu nayo bure.

Tarehe 8 binamu yako anakuja nyumbani, anapenda blauzi tatu, anasema atalipa mwisho wa mwezi. Ni Sh1,350. Pesa hazijaingia, lakini bidhaa zimetoka, kwa hivyo lazima iandikwe.

Debiti: Wadaiwa (binamu) Sh1,350
Krediti: Mauzo Sh1,350

Akilipa siku moja, utaandika debiti kwenye M-Pesa na krediti kwenye Wadaiwa. Usiandike mauzo tena, utakuwa umeuza blauzi moja mara mbili. Na mwambie binamu aweke sahihi kwenye vocha alipochukua. Hatakasirika. Akikasirika, basi hakuwa na nia ya kulipa.

Tarehe 10 mwenzako anapigiwa simu na mamake. Anahitaji dawa. Hana kitu kwenye laini yake, anachukua Sh1,500 kutoka kwenye laini ya biashara. Hakuna mtu mwenye utu atamkataza. Ila isiandikwe kama gharama ya biashara, kwa sababu biashara haikuugua.

Debiti: Pesa alizochukua mwenzako Sh1,500
Krediti: M-Pesa ya biashara Sh1,500

Vocha inajazwa, wewe unaidhinisha, yeye anaweka sahihi. Shika kanuni hii hata kama mmetoka shule ya msingi pamoja: anayechukua pesa si yeye anayeidhinisha.

Mwishoni mwa mwezi mnagundua blauzi tano zimeraruka au zina madoa yasiyotoka. Hakuna pesa iliyotembea hapa, kwa hivyo M-Pesa haina habari. Hii ndiyo kazi ya vocha ya jarida, ile unayoandika kueleza tukio lisilohusu malipo.

Debiti: Hasara ya stoki Sh750
Krediti: Stoki Sh750

Siku ya kuhesabu

Mwezi umeisha. Mko na njaa, mmekaa kitandani, simu iko katikati yenu. Mmeuza blauzi 48 kwa Sh450, jumla Sh21,600. Salio la laini ya biashara ukijumlisha na pesa taslimu ni Sh22,535.

Mwenzako anasema: "Sasa tuliingiza elfu ishirini, na leo tuna elfu ishirini na mbili na kitu. Yaani mwezi mzima tumepata elfu mbili na nusu? Pesa zingine zilienda wapi?" Halafu kunakuwa kimya. Na kwenye hicho kimya kila mmoja anaanza kukumbuka mambo. Wewe unakumbuka ile Sh1,500 ya dawa.

Hapo ndipo urafiki mwingi unaishia. Hakuna aliyeiba, ila hakuna anayeweza kuonyesha kwamba hakuiba.

Fungueni jarida basi. Blauzi 48 zilizouzwa ziliwagharimu Sh150 kila moja, jumla Sh7,200. Zilizoharibika ni Sh750. Gharama zingine: ada ya wakala 115, nauli 300, mama fua aliyefua na kupiga pasi 800, bando 1,000. Jumla Sh2,215. Toa zote kwenye mauzo ya Sh21,600 na mnabaki na faida ya Sh11,435.

Faida ni zaidi ya elfu kumi na moja! Sasa mbona haiko kwenye simu?

Sehemu yake bado iko kwa binamu: Sh1,350. Nyingine iko kwenye blauzi saba zilizobaki, zenye thamani ya Sh1,050. Na mlichukua wenyewe Sh6,500. Mwenzako alichukua Sh1,500 ya dawa. Nani alichukua Sh5,000?

Wewe. Chakula cha mchana, Sh250 kwa siku, siku 20. Vocha zipo zote, na sahihi yako ipo. Kila siku ilikuwa tu ugali na matumbo pale kwenye kibanda, na hakuna siku moja uliyohisi kwamba unachukua pesa za biashara. Lakini ulichukua mara tatu zaidi ya yule uliyekuwa unamshuku kimoyomoyo.

Sasa pigeni hesabu ya mwisho. Mlicho nacho: pesa 22,535, deni la binamu 1,350, stoki 1,050. Jumla Sh24,935. Upande wa pili: mtaji 20,000, ongeza faida 11,435, toa mlichochukua 6,500. Jumla Sh24,935. Pande mbili zimelingana. Hakuna shilingi iliyopotea, hakuna mwizi kwenye chumba. Mnachohitaji kujadili sasa ni kama biashara iwalipe chakula cha mchana wote wawili, na kiasi gani. Hayo ni mazungumzo ya watu wazima, si ugomvi.

Kama biashara si yako

Labda hujaanzisha kitu. Labda umeajiriwa kwenye duka la vifaa vya simu, kinyozi, au mkahawa, na tajiri anapita mchana anakuambia, "Nipe elfu mbili hapo, nitarudisha." Jioni pesa zinapungua, na mtu wa kwanza kuangaliwa ni wewe. Mwezi ukiisha zinakatwa kwenye mshahara. Ni hadithi inayojulikana sana hapa mjini.

Kitabu cha vocha kinakulinda. Mwambie kwa heshima, "Boss, tafadhali weka sahihi hapa, nisije nikasahau." Akiwa na haraka, andika vocha mwenyewe, umtumie picha kwa WhatsApp muda huo huo: "Nimeandika 2,000 uliyochukua saa saba." Hujamshtaki mtu. Umeacha alama tu.

Ukikabidhiwa pesa ndogo za matumizi, omba kiasi kisichobadilika. Tuseme Sh2,000 kwenye mkebe. Kila unapotoa, vocha inaingia mahali pa pesa. Saa yoyote mtu akifungua huo mkebe, pesa zilizobaki ukijumlisha na vocha lazima zifike Sh2,000. Wiki ikiisha na mkebe una Sh640, vocha zitakuwa za Sh1,360, na hizo Sh1,360 ndizo unaongezewa ili mkebe urudi 2,000. Mtindo huu unatumika hata kwenye ofisi kubwa, na unamfaa pia mweka hazina wa chama chenu, yule anayeshukiwa kila Desemba.

KRA je?

Najua unataka kuruka sehemu hii. Usiruke. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015 inakutaka uhifadhi rekodi zako kwa miaka mitano. Biashara ikianza kuuza zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka, hadi Sh25 milioni, unaingia kwenye ushuru wa mauzo, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Neno la kuzingatia hapo ni mauzo. Hauangalii faida. Sasa kama huwezi kutenganisha mauzo na mtaji uliowekwa na mwenzako, au mkopo uliotumiwa na shangazi, utajikuta unaeleza pesa zote zilizopita kwenye simu bila karatasi hata moja.

Na usidhani vocha yako inachukua nafasi ya kila kitu. Biashara inayolipa ushuru kwa faida yake inahitaji ankara za eTIMS ili gharama zake zikubalike, sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2024. Anayekuuzia akiwa na eTIMS, idai hiyo ankara, uibandike kwenye vocha. Vocha inaeleza sababu, ankara inathibitisha.

Makosa ya kuepuka

Usifute kwa Tippex. Ukiandika kimakosa kwamba bando ilikuwa Sh10,000 badala ya Sh1,000, acha ilivyo, kisha andika ingizo la kuirudisha na lingine sahihi. Kitabu chenye makosa yaliyosahihishwa wazi kinaaminika kuliko kitabu kisafi mno.

Usiandike mwisho wa wiki. Jumapili hutakumbuka Jumatatu. Vocha iandikwe pesa zinapotoka, jarida liandikwe kila jioni, dakika kumi zinatosha.

Usiweke kila kitu kwenye simu pekee. Simu inaweza kunyakuliwa mkononi pale Tom Mboya Street kabla hujamaliza kuandika ujumbe. Piga picha za vocha, zihifadhi kwenye barua pepe, na bado weka karatasi kwenye bahasha ya kila mwezi.

Na usitumie laini moja kwa biashara na maisha. Laini ya pili ni bei rahisi kuliko kuanza kuchambua, miezi sita baadaye, ni Sh300 gani ilikuwa ya mteja na ni gani ya mpenzi wako.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, chukua daftari. Andika juu ya ukurasa wa kwanza tarehe na pesa zote ulizo nazo kwenye biashara, taslimu na za simu. Chini yake andika wanaokudai na unaowadai, kwa majina. Kesho asubuhi, malipo ya kwanza utakayofanya, hata kama ni Sh50 ya mkokoteni, yaandikie vocha nambari 001. Kama una mshirika, mtumie ujumbe sasa hivi umwambie kitabu kimeanza, na sahihi yake inahitajika.